Mbwa ametoka kupasuliwa na haendi haja: anzia kwenye mkojo

Siku ya tatu baada ya mbwa wangu Popi kutolewa kizazi, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu huku Gungu, Kigoma, tochi ya simu mkononi, namtazama akinusa majani. Alizunguka mara mbili, akainama, akakaza, akanyanyuka. Hakuna kitu. Nikarudi jikoni, nikachota kijiko cha mawese, nikakichanganya kwenye uji wake. Kwa akili yangu, mafuta yangeteleza na kuteremka na kila kilichokwama. Saa nane usiku alitapika. Kufika alfajiri alikuwa anaharisha maji ya rangi ya chungwa, yamemwagika mkiani na miguuni, na mimi niko na ndoo ya maji ya uvuguvugu nahangaika yasifike kwenye mshono. Daktari aliponiuliza nilimpa nini, nilitamani kudanganya.

Mawese yalikuwa kosa, lakini kosa lililotangulia ni kutibu tatizo ambalo halikuwepo. Mbwa kukaa siku tatu bila choo baada ya upasuaji ni kawaida. Mbwa kukaa siku nzima bila mkojo si kawaida hata kidogo. Tangu hapo nimesaidia majirani kadhaa wenye mbwa waliopasuliwa, na wengi hulishika jambo hili kwa upande wa mkiani: siku za choo wanazihesabu kwa vidole, mkojo hawauulizi kabisa kwa sababu "amenyanyua mguu, nimemwona." Ndiyo maana naanza na mkojo.

Saa zinahesabiwaje

Usiku wa kuamkia upasuaji mbwa hunyimwa chakula, kwa kawaida kwa muda wa saa 8 hadi 12, ili asitapike akiwa kwenye nusu kaputi. Analazwa mezani tumbo likiwa karibu tupu. Dawa ya usingizi hupunguza mwendo wa utumbo, na dawa kali za maumivu huupunguza zaidi. Akirudi nyumbani anaramba uji kidogo, analala. Choo kitoke wapi? Kwa mbwa wengi cha kwanza huonekana kati ya siku ya pili na ya nne.

Figo hazina likizo hiyo. Zinachuja hata akiwa amelala mezani, na mara nyingi juu yake amewekewa dripu. Mbwa mzima wa kilo 15 hutoa mkojo wa kama nusu lita kwa siku. Usipotoka, umekaa ndani.

Hajakojoa tangu arudi

Kabla ya kusema hajakojoa, hakikisha. Angalia alipolalia, pengine alikojoa usingizini na gunia likanyonya. Wa kike ukikaa mbali hutajua kama ameinama kukojoa au kunusa. Wa kiume anaweza kunyanyua mguu mara kumi na kutoa matone mawili. Kwa hiyo sogea ubavuni, uone mkondo wenyewe. Gizani mimi hutumia kifuniko cha ndoo ya rangi: nakisukuma chini yake taratibu akishaanza, na hapo hapo naona kiasi na rangi.

Ukishahakikisha kwamba kweli hajakojoa, sababu ya kwanza kuichunguza haina uhusiano na ugonjwa. Ni mahali. Mbwa wetu wengi wamezoea kufunguliwa usiku na kwenda wanakojua wao. Akipasuliwa anafungiwa stoo, juu ya sakafu ya saruji, na maisha yake yote hajawahi kukojoa chini ya paa. Anabana.

Niliitwa kwenda Katubuka kwa mbwa mmoja mlinzi, dume kubwa, aliyegongwa na bodaboda akafanyiwa upasuaji wa paja. Tangu jioni mpaka saa sita mchana hakuwa ametoa hata tone. Mwenye mbwa akaniambia, "Dokta kasema asitembee, nami sijamtembeza." Ni kweli, lakini kutotembezwa si kutotolewa nje. Tulimpitishia kanga chini ya tumbo, mbele ya mapaja, mimi nikashika ncha mbili kama mpini wa kikapu, mwenyewe akashika kamba ya shingo. Tukampeleka hatua kwa hatua hadi kwenye lundo la majivu nyuma ya jiko la nje, mahali pake pa siku zote. Hakunyanyua mguu, asingeweza. Alisimama tu, akaangalia ukutani, akaachia. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika arobaini kabla hajamaliza.

Hiyo kanga ina masharti yake. Kwa dume ikunje iwe nyembamba na isogeze isimzibe uume, la sivyo atajikojolea kwenye kanga na huenda akabana tena. Na kama mshono uko tumboni, usimning'inize kwa tumbo. Kanga ni ya mbwa wa mguu au nyonga. Huyu wa tumbo mwache atembee mwenyewe polepole kwenye kamba fupi. Akiwa hawezi kutolewa nje kabisa, mletee nje ndani: beseni pana la mchanga, na juu yake majani au udongo alioukojolea zamani. Harufu hiyo humwambia mengi kuliko maneno yako. Ukishamtoa, usimsimamie na kumwita jina kila dakika. Geuka pembeni, umtazame kwa jicho la upande.

Sababu ya pili ni kwamba hajanywa. Mbwa anahitaji kama mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo yake kwa siku, kwa hiyo huyu wa kilo 15 anahitaji robo tatu ya lita na zaidi kidogo, pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula. Mbwa wa nyumbani kwetu hupata maji mengi kwenye uji na mabaki yenye mchuzi. Siku asipokula, na maji yake yamepungua, na wewe hulitambui hilo kwa sababu bakuli la maji siku zote hata haligusi. Supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, ya uvuguvugu, vikombe viwili vidogo kutwa, huvuta mbwa asiyetaka maji matupu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, kwa hiyo supu ya familia haifai hata ukiichuja.

Ya tatu ni maumivu. Akiinama ngozi ya tumbo inavutika, naye anasimama katikati. Ukiona hivyo mara mbili tatu, shida iko kwenye dawa ya maumivu: imepungua nguvu, imesahaulika, au hakuandikiwa. Mpigie daktari, usijaze pengo hilo kwa dawa za kabatini. Nitarudi kwenye hilo chini.

Sababu ya nne, mkojo umezibwa au kibofu kina jeraha, haitaki majaribio ya nyumbani. Dume mwenye vijiwe vya kibofu, au mbwa aliyegongwa, au aliyepasuliwa tumbo, akiwa anakaza na kutoa matone, tumbo la chini limejaa na gumu, anatapika, hatulii, huyo ni wa kupelekwa sasa hivi, hata kama ni usiku. Kamwe usimkamue kibofu kwa mikono. Kikipasuka ndani, umemaliza mchezo.

Mpaka wangu: saa 12 bila mkojo napiga simu, hata kama anaonekana mzima. Saa 24 sibishani na mtu, tuko kwenye bajaji.

Anakojoa ovyo, analowesha anapolala

Siku moja mbili za kwanza, dripu na usingizi vinatosha kueleza. Maji yameingia mengi, mwili una usingizi, anaamka amechelewa. Mtoe kila baada ya saa tatu nne, badilisha gunia, mkaushe chini ya tumbo, kwa sababu mkojo kwenye mshono huunguza ngozi na kualika vijidudu. Usimpige, wala usimpeleke pua kwenye mkojo wake.

Ikiwa anakunywa kupita kiasi na kukojoa kupita kiasi, soma pakiti ya dawa aliyopewa. Dawa za jamii ya prednisoloni zina tabia hiyo. Lakini anayekojoa kidogo kidogo mara nyingi, analia au anajiramba sana, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kama aliwekewa mpira wa mkojo wakati wa upasuaji.

Kuna jingine ambalo huwachanganya watu. Jike aliyetolewa kizazi anaweza kuanza kuvuja mkojo akiwa usingizini miezi au hata miaka baadaye, kwa sababu homoni iliyokuwa inasaidia kukaza mlango wa kibofu imepungua. Hutokea zaidi kwa wenye miili mikubwa. Si kukosa adabu, na ina dawa yake kwa daktari. Ila ikianza wiki ile ile ya upasuaji, fikiria hayo ya juu kwanza.

Mkojo una rangi

Jike aliyetolewa kizazi kuacha tone la damu jepesi siku chache ni jambo linalovumilika. Aliyepasuliwa kibofu kutolewa vijiwe, mkojo wake utakuwa wa waridi kwa siku kadhaa, na daktari atakuwa ameshakuambia. Mabonge ya damu, au damu inayoongezeka badala ya kupungua, hiyo ni habari nyingine. Inua mdomo wake uangalie ufizi. Bonyeza kwa kidole, achia. Panapaswa kurudi pinki ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe kama karatasi, huenda damu inapotea mahali.

Huku kwetu kuna rangi nyingine inayostahili umakini: mkojo wa hudhurungi, mithili ya chai ya rangi iliyokolea sana. Watu husema "ni ile damu ya upasuaji." Mara nyingi si hiyo. Kuna ugonjwa unaoletwa na kupe, vijidudu vyake huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na rangi yake hutokea kwenye mkojo. Mbwa aliyekuwa nao kimya kimya anaweza kulipuka baada ya mwili kuchoshwa na upasuaji. Ana homa, amelegea, ufizi umefifia. Mshono unaweza kuwa mzuri kabisa kwa macho huku mbwa anaisha. Mpekue masikioni na katikati ya vidole, na hata usipokuta kupe, mpeleke apimwe damu.

Hakuna choo

Sasa tufike kwenye lile linalowanyima watu usingizi.

Siku ya kwanza hadi ya tatu: usifanye lolote zaidi ya maji na chakula laini. Siku ya nne: akiwa anakula, anakunywa, anakojoa, mkia unacheza, subiri huku ukisaidia. Siku ya tano imefika hakuna kitu: mpigie daktari. Akitapika, akikataa chakula kabisa au tumbo likivimba, hesabu hizo hazina kazi tena. Mpeleke hata kama ni siku ya pili.

Chakula laini nina maana ya wali uliopikwa ukalainika na nyama ya kuku bila mfupa, bila ngozi, bila chumvi, kidogo kidogo mara tatu nne kwa siku. Boga lililochemshwa likapondwa ndiyo msaada mkuu, nalo linapatikana soko lolote hapa mjini kwa bei ya kawaida. Mbwa wa kilo 15 mpe kijiko kimoja au viwili vya chakula kwenye mlo, si bakuli zima. Popi alilikataa boga mpaka nilipolipondea kwenye supu.

Kuna vyakula viwili vya huku vinavyofunga mbwa, na vyote viwili watu huvitoa kwa huruma. Kimoja ni mifupa. Mbwa amerudi dhaifu, mama anamwonea huruma, anamchagulia mfupa mnono. Mfupa ukisagika tumboni unatengeneza kinyesi kikavu, cheupe, cha kusagika kama chokaa, na kukisukuma kunahitaji misuli ya tumbo ile ile iliyoshonwa. Cha pili ni dagaa. Dagaa wa Kigoma sifa yao naijua na nawala, lakini walioanikwa mchangani, hata ukiwaosha maji matatu, bado utausikia mchanga kwenye meno. Mpe mbwa dagaa hao kila siku wakati utumbo unasuasua, na mchanga utaongezeka kwenye kinyesi kizito. Walioanikwa juu ya chanja ni afadhali, ila hata hao nawaacha mpaka choo kirudi kuwa cha kawaida.

Dawa ya maumivu ya jamii ya tramadoli nayo hufunga choo. Usiikatishe. Mwambie daktari, ataamua kupunguza au kuongeza cha kulainisha kinachofaa mbwa.

Sasa yale ya kukataza. Mawese, nimeshasimulia, na daktari aliniongezea kwamba mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuwasha kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali kuliko huo mkwamo wenyewe. Mafuta ya nyonyo, hapana. Parafini ya kunywesha kwa nguvu inaweza kupitia njia ya hewa na kuishia mapafuni. Kipande cha sabuni kwa nyuma, kama tulivyofanyiwa wengine utotoni, hapana kabisa. Na maji ya kusafishia tumbo yanayouzwa famasi kwa watu, mengine yana fosfeti ambayo kwa mbwa mdogo yanaweza kuua.

Kutembea kidogo husaidia kuliko hayo yote. Dakika tano za kamba fupi, asubuhi na jioni baada ya kula, utumbo unaamka. Masika inaponyesha na udongo huu mwekundu unageuka tope, chagua penye majani au mchanga. Akiteleza mara moja, nyuzi zinaweza kuachia.

Anakaza, anakaza

Picha hii ina tafsiri tatu tofauti, na ndiyo inayodanganya watu kuliko zote. Mgongo ukiwa umepinda kama upinde, mkia juu, na anasogea hatua hatua huku amekunja miguu ya nyuma, anatafuta choo. Akikaa chini palepale bila kupinda sana, anabaki muda mrefu, anaondoka na kurudi, huenda ni mkojo unaogoma. Akitoa ute au matone ya kinyesi laini kila baada ya dakika chache, huyo hajafunga choo, anaharisha kwa utumbo mpana. Ukimpa cha kulainisha unaongeza moto kuni.

Kama huwezi kuzitofautisha, mchukue video ya sekunde ishirini umtumie daktari. Video hiyo inamweleza zaidi ya dakika kumi za simu.

Anaharisha

Antibiotiki hufanya hivyo, mabadiliko ya chakula pia, na hofu ya safari. Akiwa mchangamfu na anakunywa, wali na kuku kwa siku mbili hutosha. Usiache antibiotiki bila kuuliza, wala usimpe vidonge vya kuhara vilivyobaki vya mtoto. Kuhara damu, kutapika, na kulegea kwa mbwa mchanga ambaye hajapata chanjo kunaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa wachanga, na hapo ni mbio kwa daktari.

Jambo moja ambalo sikuambiwa mapema: baada ya kuharisha utumbo unabaki mtupu, kwa hiyo siku moja au mbili nyingine bila choo ni kawaida. Usirudi kwenye mawese.

Choo cheusi kama lami

Kama jana alikula maini, subiri choo kinachofuata. Kama hakula, na kinyesi kinanata, kinang'aa, kina harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo ni damu iliyomeng'enywa kutoka tumboni au utumbo mwembamba. Dawa za maumivu na uvimbe, hata zile za mbwa, zinaweza kuchubua tumbo. Simamisha dozi inayofuata, piga simu saa hiyo hiyo.

Hapa ndipo narudi kwenye dawa za kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazomeza mgongo ukiuma, ni sumu kwa mbwa. Hutoboa tumbo na kuua figo. Jirani mmoja alimpa mbwa wake nusu kidonge cha diklofenaki "kwa sababu ni mdogo kuliko mimi," juu ya ile ya daktari. Siku ya pili choo kilikuwa lami, na mbwa alilazwa kwa dripu siku nne. Hata parasetamoli usimpe bila kuelekezwa kipimo.

Unapompigia daktari

Madaktari wa wanyama wanaopasua mbwa si wa kila mtaa, na pengine aliye karibu nawe ni bwana mifugo aliyezoea ng'ombe na kuku. Msaidie kwa kuwa na majibu: mkojo wa mwisho saa ngapi na kiasi gani, choo cha mwisho lini, alikula na kunywa nini, dawa gani na saa ngapi, ametapika mara ngapi, ufizi una rangi gani. Mimi niliyaandika nyuma ya kalenda ya ukutani, na peni nimeifunga uzi hapo hapo.

Yule aliyempasua Popi alikuwa ameniambia choo chochote cha ajabu nikilete. Siku ya saba, siku nne baada ya mawese, nilimkuta Popi kwenye kona yake nyuma ya mgomba, amepinda mgongo, mkia juu. Kilitoka kigumu, cha kahawia, kimoja kizima. Hakikuwa cha ajabu, lakini nilikiweka kwenye kopo la siagi, nikapanda bajaji nacho mpaka kwake, mtaa wa Mwanga. Daktari alicheka sana. Halafu akakifungua kopo mezani, akakigeuza kwa kijiti, akaniuliza mkojo wa asubuhi ulikuwa wa rangi gani.